Kirusi kikila kansa, mbona kuna seli zinabaki?

Chukua kisahani cha maabara, chini yake seli za kansa zimejipanga zimebanana kama vigae vya sakafu, halafu dondoshea virusi. Masaa ya kwanza huoni kitu. Ukirudi baadaye kwenye hadubini unaanza kuona seli moja hapa, moja pale, imejikunja ikawa duara, inang'aa, imeachia sakafu na inaelea. Jirani yake naye anafuata. Kama ni kirusi cha surua unaona kituko kingine kabisa, seli zinaungana, kuta zinayeyuka katikati yao mpaka linatokea lidude moja kubwa lenye viini kibao ndani, na lenyewe baada ya muda linakufa. Ukimwaga maji na kupaka ile rangi ya zambarau, ndugu yake GV ya vidonda, seli zilizobaki zinashika rangi na pale zilipokufa panabaki matundu, kama nguo iliyoliwa na nondo.

Sasa kisahani cha pili usikipake rangi. Kiache, kibadilishie chakula, subiri wiki moja mbili. Mara nyingi unakuta vijisiwa, yaani vichaka vidogo vidogo vya seli katikati ya uwanja mtupu, zinagawanyika kama vile hakuna kilichotokea. Zimwagie tena kirusi kile kile, tena ongeza dozi, hazishtuki. Makala hii yote ni stori ya hivyo vijisiwa.

Kwanza tuelewane kwamba wazo la kumtumia kirusi auwe kansa ni la zamani. Mwaka 1904 daktari Mmarekani George Dock aliandika kuhusu mama mwenye kansa ya damu ambaye hali yake ilitulia kwa muda baada ya kuugua kitu kilichofanana na mafua makali. Na mwaka 1971 iliripotiwa kutoka Uganda kesi ya mtoto wa miaka 8 mwenye uvimbe wa Burkitt (aina ya kansa) kwenye jicho, akaugua surua ya kawaida kabisa, uvimbe ukasinyaa. Katikati hapo, miaka ya 50, watu walikuwa wanawapa wagonjwa virusi hivi hivi vilivyo, hata cha West Nile, na wengine wakaishia kupata homa ya ubongo, kwa hiyo mchezo ukapoa. Ulifufuka mwaka 1991 pale timu ya Robert Martuza ilipokata jeni moja kwenye kirusi cha hepesi ili kishindwe kuzaana vizuri kwenye seli zilizotulia lakini kiendelee kuzaana kwenye seli zinazogawanyika, kama za uvimbe wa ubongo. Tangu hapo China ikapitisha kirusi cha dawa kinachoitwa H101 mwaka 2005, Marekani ikapitisha T-VEC, hepesi iliyofanyiwa ukarabati, mwaka 2015 kwa kansa ya ngozi ya melanoma, Japan ikapitisha yake ya uvimbe wa ubongo mwaka 2021. Kwa hiyo sio ndoto, ni dawa zipo. Ila hazifanyi miujiza. Kwenye jaribio kubwa la T-VEC lenye wagonjwa 436, waliopata nafuu ya kudumu walikuwa 16.3%, wakati upande wa pili waliopewa dawa ya kulinganishia walikuwa 2.1%. Tofauti ni kubwa, sawa, lakini hesabu mwenyewe wangapi hawakufika huko.

Tuanze na kuingia. Kirusi hakina miguu wala macho, kinaelea tu mpaka kigongane na protini kwenye ngozi ya seli inayoendana na umbo lake, ndo tunaita kipokezi. Hiyo protini seli haikuiweka kwa ajili ya kirusi, ina kazi zake nyingine, kirusi kimeidandia tu. Kirusi cha surua cha chanjo kinapenda CD46, cha polio kinatumia CD155, na bahati nzuri kwa watafiti ni kwamba aina nyingi za kansa zina hizo protini nyingi kuliko seli za kawaida. Kansa inajaza CD46 kwa sababu inaisaidia isitobolewe na mfumo mmoja wa kinga kwenye damu, yaani ngao ile ile ndo inageuka kitasa cha mlango.

Lakini hapa watu wengi wanakosea, wanadhani siri ya kirusi kuchagua kansa iko mlangoni. Mara nyingi haiko hapo. Virusi vingi vinaingia hata kwenye seli nzima zenye afya, tofauti ni kinachotokea baada ya kuingia.

Kirusi kikishaingia kinavua koti, kinatoa jeni zake, kinaanza kutumia mashine za seli kujitolea kopi. Seli yenye afya haikai kimya. Ndani yake kuna walinzi, mmoja anaitwa RIG-I, kazi yake ni kunusa RNA (kopi za maagizo ya jeni) zenye sura ya kigeni. Akishtuka, taarifa inapita mkono kwa mkono mpaka kwenye kiini, na seli inaanza kumwaga nje kitu kinaitwa intaferoni, ambacho Alick Isaacs na Jean Lindenmann walikigundua London mwaka 1957. Intaferoni ni king'ora. Seli iliyokipiga yenyewe inaweza ikafa, lakini majirani wakikisikia wanawasha mamia ya jeni za kujihami kabla kirusi hakijawafikia, kuna zinazokata RNA vipande, kuna protini inaitwa PKR ambayo inazima kiwanda chote cha kutengeneza protini, sasa kirusi kimeingia kwenye kiwanda ambacho umeme umekatwa, kitafanya nini.

Sasa shida ya intaferoni kwa seli ya kansa ni kwamba king'ora hicho hicho kinasema pia "punguzeni kugawanyika" na "askari wa kinga njooni huku". Kwa kansa hayo mawili ni sumu. Kwa hiyo katika miaka ya kukua kwake, kansa nyingi zimeng'oa sehemu fulani ya huo mfumo, nyingine zimefuta jeni kabisa, nyingine zimezizima tu bila kuzifuta. Zinakua haraka, hazibughudhiwi, ila zimebaki bila king'ora. Ndo maana kirusi kama VSV, ambacho kwa kawaida kinawasumbua ng'ombe na farasi na kwa binadamu mwenye king'ora kizima hakifiki mbali, kikiingia kwenye uvimbe wa namna hiyo kinajilia tu. Kirusi cha kideri cha kuku nacho ni hivyo hivyo, nacho kimejaribiwa sana kwenye kansa. Kwenye T-VEC walienda mbali zaidi, walikata kwenye hepesi jeni ambayo kazi yake ni kuizuia PKR isizime kiwanda, kwa hiyo seli nzima ikizima umeme kirusi hakina la kufanya, ila kwenye seli ya kansa iliyokwishaharibu swichi yake mwenyewe, kinaendelea na kazi.

Umeshaanza kuona tatizo linakotokea? Uvimbe sio seli moja iliyojinakili mara bilioni bila kosa. Ni kijiji chenye koo nyingi, na sio koo zote zimeng'oa king'ora. Kuna zilizong'oa chote, kuna zilizong'oa nusu, kuna ambazo kinafanya kazi kama kawaida. Na kuna hata za ajabu, kwenye kansa ya kongosho zipo seli za maabara ambazo jeni za kujihami zinawaka muda wote, king'ora kinalia hata kama hakuna mwizi, yaani ukimleta VSV anakuta kila mlango una kofuli na mbwa kafunguliwa. Kirusi kinaua wale wasio na ulinzi na kinawaacha wenye ulinzi. Kwa hiyo zilizobaki kwenye kisahani mara nyingi ndo zile ambazo zilikuwa zimeharibika kidogo kuliko wenzake, kitu ambacho mimi kinanifurahisha sana kwa sababu ni kinyume na tunavyofikiria neno "sugu", tunapiga picha ya jitu limekomaa kumbe pengine ni ile iliyosahau kutupa ulinzi wake.

Lakini ngoja. Je, tuna uhakika gani kwamba zilikuwa hivyo toka mwanzo? Labda zilikuwa kama wengine, zikabadilika baada ya kuguswa na kirusi.

Hili swali lina umri mkubwa na jibu lake la kwanza halikutoka hata kwenye kansa, lilitoka kwa bakteria. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walikuwa wanakuza bakteria kwenye chupa nyingi ndogo zinazojitegemea, halafu wanazimwaga kwenye sahani zilizojaa virusi vinavyoua bakteria, wanahesabu wangapi wamebaki. Wazo lao lilikuwa hivi, kama usugu unatokea baada ya kukutana na kirusi basi kila sahani itakuwa na manusura idadi inayokaribiana, kwa sababu kila bakteria ana bahati ile ile siku ile ile. Ila kama usugu unatokea wenyewe tu kwa bahati wakati bakteria wanazaana, basi chupa ambayo badiliko lilitokea mapema itakuwa na ukoo mkubwa wa sugu, ambayo lilitokea mwishoni itakuwa na wawili watatu, na nyingine sifuri. Walichoona ni hicho cha pili, sahani nyingi hazina kitu au zina vichache, halafu ghafla moja ina wengi wa kumwaga. Kwa hiyo sugu walikuwepo kabla kirusi hakijaletwa. Ilichangia wao kupata Nobel mwaka 1969.

Ukimsoma Luria unaweza ukafunga kitabu ukasema basi, na kansa ni hivyo hivyo. Hapana. Seli za binadamu zina mambo ambayo bakteria wale hawakuwa nayo, na hapa ndo neno "sugu" linatudanganya maana linafunika vitu ambavyo havifanani.

Kuna seli ambazo hazina usugu wowote, kirusi hakikuzifikia tu. Uvimbe halisi ndani ya mwili sio kisahani. Una nyuzi nyuzi za kolajeni, una presha ndani inayosukuma vitu vitoke, una maeneo yaliyokosa damu na hewa yakafa, kirusi kikidungwa sehemu moja kinasambaa kidogo kinagonga ukuta. Ukichukua seli hiyo ukaiweka kisahanini ukaimwagia kirusi inakufa kama wenzake. Kuita hiyo usugu ni sawa na kusema mtu hanyeshewi na mvua kumbe alikuwa ndani.

Halafu kuna zilizosikia king'ora cha jirani. Hizi zinagoma kweli, ila kwa muda. Seli A imeingiliwa, imepiga intaferoni, seli B na C zimejifungia. Kirusi kikiisha na king'ora kikinyamaza, baada ya siku kadhaa zinarudi kuwa laini kama mwanzo, watoto wake hawarithi kitu. Usugu huu unaweza kuuzima kwa dawa, na watafiti wamefanya hivyo kwenye zile seli za kongosho, walitumia ruxolitinib, dawa iliyotengenezwa kwa ugonjwa wa uboho, ambayo inakata waya unaopeleka ujumbe wa intaferoni ndani ya seli. Waya ukikatwa, VSV inaingia tena. Ila huo ni upanga wa makali mawili maana intaferoni hiyo hiyo ndo inaita askari wa kinga, ukiizima unamsaidia kirusi unawanyima askari taarifa.

Na kuna zilizobadilika moja kwa moja, zinarithisha. Nyingine zimepoteza kipokezi au zimekipunguza. Nyingine zimeharibu hatua ya katikati. Mfano mzuri ni kirusi cha reo, hiki kikiingia kinafungiwa kwanza kwenye kifuko kidogo na humo ndani kinategemea enzaimu za seli zimvue koti, bila hivyo hakitoki. Seli za panya zilizoishi na kirusi hiki kwa muda mrefu maabara zilikutwa hazitengenezi tena ile enzaimu, kathepsini L, katika hali inayofanya kazi. Kirusi kinaingia kwenye kifuko, kinakaa na koti lake, basi. Mlango upo wazi ila chumbani hakuna wa kumvua.

Sasa stori ninayoipenda kuliko zote, maana inamgusa Luria na kumgeuza kidogo. Timu ya Richard Vile pale Mayo Clinic walikuwa wanafuatilia seli za melanoma za panya zilizonusurika VSV. Waliona kwamba maambukizi yenyewe yanawasha enzaimu inaitwa APOBEC3. Huyu kazi yake halali ni kupigana na virusi, anashika jeni, ambazo zimeandikwa kwa herufi nne za kemikali, anaigeuza herufi C iwe nyingine, lengo likiwa kumharibia kirusi maandishi yake. Tatizo hana adabu, akiwaka sana anaanza kuandika ovyo hata kwenye DNA ya seli yenyewe. Fikiria mlinzi anampiga risasi mwizi gizani huku anatoboa kuta za nyumba yake. Kwa hiyo hapa kirusi hakichagui tu waliokuwepo, kinaongeza kasi ya mabadiliko kwenye seli zile zile kinazojaribu kuua, na kadri mabadiliko yanavyokuwa mengi ndo uwezekano wa mmoja kuangukia kwenye la kumuokoa unapanda. Bado ni bahati nasibu kama ya Luria, ila sasa kirusi kimegawa tiketi nyingi zaidi.

Na kulikuwa na tiketi moja inayoshinda mara kwa mara. Kwenye jeni inaitwa CSDE1, herufi moja C ikawa T, protini ikabadilika kipande kimoja tu, cha tano kutoka mwanzo. Protini hiyo ni mshirika mkubwa wa VSV wakati wa kujinakili, na ile iliyobadilika inafanya kinyume, inavuruga kazi ya kirusi kunakili jeni zake. Uvimbe uliorudi baada ya matibabu ulikuwa nayo tena na tena. Herufi moja!

Ila ona walichofanya na hiyo taarifa. Protini iliyobadilika ni protini ngeni, na seli inaonyesha vipande vya protini zake nje kama bidhaa dirishani, askari wa kinga wanapita wanakagua. Kipande hiki kipya askari hawajawahi kufundishwa kukivumilia. Kwa hiyo wakawachanja panya dhidi ya hicho kipande, halafu wakawapa kirusi, kirusi kikasukuma seli zikimbilie kwenye usugu ule ule wa kutabirika, zikafika zikakuta askari wamekaa wanazisubiri. Yaani unamfukuza swala makusudi kuelekea upande ulipoweka wavu. Ni kazi ya panya, sio binadamu, hilo liwe wazi, lakini kama fikra nadhani ni moja ya zilizo bora kwenye uwanja huu maana badala ya kuukimbiza usugu wanautangulia.

Na hapo panaonyesha kitu kingine kuhusu matibabu haya. Siku hizi wengi hawategemei kirusi kiue kila seli kwa mkono wake, wanakitegemea kipasue chache, vitu vya ndani vimwagike, askari wa kinga waone waanze kuwinda zilizobaki, hata zile sugu kwa kirusi. T-VEC imewekewa jeni ya GM-CSF kabisa kwa ajili hiyo, kuita seli zinazopeleka taarifa kwa askari. Kwa hesabu hiyo ungetegemea ukiichanganya na dawa inayofungua breki za askari utashinda. Jaribio dogo la mwanzo lilitoa matumaini makubwa, halafu likaja jaribio la wagonjwa 692, T-VEC na pembrolizumab dhidi ya pembrolizumab peke yake, na mchanganyiko haukuwaongezea wagonjwa maisha kwa kiwango cha kueleweka. Mwili nao una yake, kingamwili zinakamata virusi kwenye damu kabla havijafika popote. Mwaka 2014 iliporipotiwa kuhusu wagonjwa wawili wa kansa ya uboho waliopewa kirusi cha surua kwa mshipa, walichaguliwa watu ambao damu yao haikuwa na kinga ya kutosha ya surua, na dozi ilikuwa kubwa kiasi cha kuweza kuchanja watu milioni 10. Mmoja kansa ikapotea, mwingine haikuwa hivyo. Dawa ile ile, dozi ile ile.

Kitu cha mwisho ambacho watu wanasahau, kidonge kikishindwa na seli sugu kimeshindwa, hakiwezi kujifikiria upya. Kirusi kinaweza. Kwenye ile kazi ya CSDE1, VSV ilivyopewa muda ndani ya seli sugu nayo ilibadilika sehemu moja ya jeni zake ikaanza kuzaana tena humo. Kwa anayetibu hiyo ni habari njema na pia ni habari ya kukunyima usingizi, dawa inayojibadilisha ndani ya mgonjwa sio kitu unachokiachia hivi hivi. Ndo maana kwenye T-VEC jeni moja haikuguswa makusudi, ile ya thymidine kinase, ambayo ndo hiyo Martuza aliikata mwaka 1991. Wakati ule kirusi kilipoteza hiyo jeni kikawa hakishikiki na acyclovir, dawa ya kawaida ya hepesi. Hiki cha sasa inayo, kwa hiyo kikianza kwenda kisikotakiwa kuna dawa ya kukizimia.